Kulipia matangazo ya barua pepe bila kuchoma mtaji: hatua ninazofuata

Nauza masomo ya Kiswahili mtandaoni. Wanafunzi wangu wengi ni Wamarekani na Waingereza wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro au kwenda Zanzibar. Kozi ni dola 40, na karibu wote nawapata kwa barua pepe. Mara ya kwanza kulipia tangazo la aina hii, dola 100 ziliyeyuka kwa siku moja. Haya ndiyo ninayofanya sasa, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, maana inaniuma kuona wenzangu wa Dar na Nairobi wakipita njia ileile iliyonipoteza.

Hatua ya 1: Jua unanunua nini

Sokoni kuna vitu vitatu, na wauzaji wengine huvichanganya makusudi.

Cha kwanza ni orodha ya anwani: unapewa faili lenye watu elfu kumi, uwaandikie mwenyewe. Usiguse. Watu hao hawakujui, watakuripoti kuwa spamu, na kampuni za kutuma barua kama Mailchimp zinakataza kabisa orodha za kununua, hivyo akaunti yako itafungwa. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, nazo hazikupi haki juu ya taarifa za mtu kwa sababu tu umezilipia.

Cha pili ni solo ads. Mwenye orodha anawaandikia watu wake barua nzima inayohusu bidhaa yako peke yake, nawe unalipa kwa kila mbofyo. Cha tatu ni kudhamini jarida la barua pepe: tangazo lako fupi linakaa katikati ya habari ambazo watu walizitaka wenyewe, na kwa kawaida unalipa bei moja, wabofye wasibofye.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kuongea na muuzaji

Kwangu, kati ya watu 100 wanaojiandikisha kwa njia za kawaida, 3 hununua ndani ya siku 30. Hizo ni dola 120, kwa hiyo kila aliyejiandikisha ana thamani ya dola 1.20. Ili nibaki na chochote, nisimlipie zaidi ya senti 80. Ukurasa wangu husajili watu 30 kati ya 100 wanaoufungua. Zidisha senti 80 kwa 30, gawanya kwa 100: mbofyo mmoja nisiuchukue kwa zaidi ya senti 24.

Muuzaji akinitajia senti 50, najua naanza nikiwa na hasara. Siku ile ya dola 100 sikuwa na hesabu hii. Nilisikia "senti 50 tu" nikaona ni rahisi.

Hatua ya 3: Andaa nyumba kabla ya kualika wageni

Ukurasa wa kujiandikisha uwe na ahadi moja na kitufe kimoja. Wangu unatoa sauti za maneno 50 ya kumsaidia mgeni sokoni na kwenye daladala. Baada ya hapo ziwepo barua tano au sita zinazojituma zenyewe. Bila hizo, umelipia watu waje kutazama mlango uliofungwa.

Thibitisha pia kikoa chako (jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani yako) kwa SPF, DKIM na DMARC, mipangilio mitatu inayoonyesha kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wamekaza masharti: anayetuma barua nyingi lazima awe na zote tatu, aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Watu wa kununuliwa hulalamika haraka kuliko waliokuja wenyewe, kwa hiyo hapa usilegeze.

Hatua ya 4: Mchunguze muuzaji

Jiandikishe kwenye orodha yake kwa anwani yako nyingine, ukae wiki mbili. Hakuna swali litakalokupa jibu zuri kuliko hili. Ukipokea matangazo mawili kwa siku, leo dawa ya kupunguza uzito, kesho sarafu za kidijitali, watu wake wamechoka na hawasomi tena. Picha za skrini za wateja walioridhika usizihesabu kabisa.

Mimi jarida langu zuri nililipata kwa kuwauliza wanafunzi waliokwisha kulipa: "Mnasoma nini kabla ya safari?" Watatu walitaja jarida lilelile dogo la wapanda milima.

Hatua ya 5: Kila chanzo na linki yake

Weka alama za UTM (maneno unayoongeza mwishoni mwa linki ili ujue mbofyo umetoka wapi), au programu ya kufuatilia mibofyo. Muuzaji asiwe ndiye pekee anayehesabu.

Hatua ya 6: Anza na kidogo, kisha angalia watu wenyewe

Kwa solo ads chukua mibofyo 100, hata akikubembeleza kwa punguzo la 500. Halafu fungua orodha ya waliojiandikisha, usome jina baada ya jina.

Mimi nilipata mibofyo 200 na watu 62. Nilifurahi mpaka nilipowatazama. Zaidi ya arobaini walijiandikisha ndani ya dakika tisa, usiku wa manane kwa saa za Marekani. Jina la mwanamke, anwani ya mwanamume, tarakimu sita mbele yake. Hakuna hata mmoja aliyebofya sauti alizoziomba. Zile zilikuwa roboti.

Ila usimtuhumu muuzaji kabla ya kuhakiki. Mifumo ya usalama ya ofisi hubofya kila linki ili kuikagua, na mibofyo hiyo huja sekunde chache tu baada ya barua kufika, mara nyingi hadi kwenye linki ya kujiondoa. Na usipime kwa barua zilizofunguliwa: tangu iOS 15, mfumo wa iPhone wa Septemba 2021, programu ya barua ya Apple huweza kupakua picha za barua hata kama mwenyewe hajaisoma, nayo ikahesabiwa kuwa imefunguliwa. Hesabu mibofyo ndani ya barua zako, majibu, na pesa.

Hatua ya 7: Linganisha vyanzo baada ya siku 30

Solo ads: dola 100, watu 62, mauzo sifuri. Jarida la wapanda milima: dola 150, mibofyo 90, watu 41, mauzo 5, yaani dola 200.

Tazama vizuri hapo. Kila aliyejiandikisha kutoka kwenye jarida alinigharimu dola 3.66, zaidi ya mara nne ya kikomo changu cha senti 80, na bado nilibaki na dola 50. Kikomo cha hatua ya 2 ni cha kuanzia tu. Ukishapata takwimu za chanzo fulani, kipigie hesabu yake chenyewe.

Nilirudi kwenye jarida lile wiki iliyofuata, kwa tangazo lilelile, nikapata mauzo 2. Wasomaji walikuwa walewale. Sasa naacha wiki sita katikati, nabadilisha maneno, na kabla ya kulipia tena nawafuta wote ambao hawajabofya chochote kwa siku 60.