Kupima kurkumini kwenye unga wa manjano kwa spektrofotomita

Kurkumini ndiyo inayoupa unga wa manjano rangi yake, na spektrofotomita ni mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na rangi hiyo. Rangi kali haithibitishi ubora: metanili ya njano, rangi ya kutilia nguo, hung'aa vilevile. Kwa manjano ya dawa, monografu (waraka wa viwango) ya Shirika la Afya Duniani inataka kurkuminoidi, yaani kurkumini na jamaa zake mbili, zisipungue asilimia 3.0.

1. Sampuli. Chota juu, katikati na chini ya gunia. Changanya, saga laini, chekecha.

2. Rangi bandia. Loweka unga kidogo kwenye ethanoli, kisha dondoshea asidi hidrokloriki kali. Ikigeuka waridi, ongeza maji. Waridi ikipotea, ni manjano yenyewe; ikibaki, shuku metanili na uishie hapo, maana mashine itaihesabu kama kurkumini.

3. Kukamua. Pima gramu 0.1 kwa mizani ya desimali nne na uandike tarakimu zote. Tia mililita 30 za ethanoli ya asilimia 95, fungia juu yake kondensa (bomba la kupoza mvuke urudi chini), chemsha kwa saa mbili na nusu juu ya maji moto, kamwe si juu ya moto wa wazi. Spiriti ya dukani yenye rangi haifai kabisa.

Majibu mengi huharibikia hapa. Chuja kwenye chupa ya ujazo ya mililita 100, kisha osha masalia na karatasi kwa ethanoli hadi tone litoke bila rangi. Karatasi iliyobaki na njano imekula sehemu ya jibu lako. Usijazie hadi alama kimiminika kikiwa bado cha moto. Ethanoli hutanuka takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi, kwa hiyo ukijaza ikiwa na nyuzi 50, ikipoa hadi 25 ujazo unashuka kwa zaidi ya asilimia 2 na jibu linapanda kwa uongo. Kama huna hakika umekamua vya kutosha, chemsha masalia mara ya pili na usome: njano ikionekana tena, ongeza muda au saga upya. Suuza vyombo vyote kwa ethanoli, kwani mabaki ya sabuni yenye alkali huigeuza kurkumini nyekundu na kuivunja. Mwanga nao huivunja, basi zungushia chupa karatasi ya foili na usome siku hiyohiyo.

4. Kusoma. Chukua mililita 5 za kimiminika cha chupa hiyo, uzimue kwa ethanoli hadi ziwe 50. Tumia pipeti ya kioo. Mikropipeti hudondosha ethanoli kabla hujafika kwenye chupa. Sifurisha mashine kwa ethanoli ileile, soma kwenye nanomita 425, kyuveti (kichupa cha kusomea) ya sentimita 1. Ufyonzaji, yaani namba ambayo mashine inatoa, ukizidi 0.8, zimua tena na uingize uzimuaji huo kwenye hesabu.

5. Hesabu.

Asilimia = (ufyonzaji × 1000) ÷ (1607 × gramu za unga)

Hapo 1607 ni ufyonzaji wa kurkumini ya gramu 1 kwa mililita 100. Ufyonzaji 0.643 kwa gramu 0.1000 ni asilimia 4.0. Hiyo ni jumla ya kurkuminoidi zote tatu. Kuzitenganisha kunahitaji HPLC (kromatografia ya kimiminika).

Ukiripoti kwa uzito mkavu, pima unyevu kwa kunereka na toluini. Oveni ya nyuzi 105 hufukuza pia mafuta ya manjano na kuyahesabu kama maji. Kromati ya risasi, rangi nyingine ya njano ya kughushia, haiyeyuki kwenye ethanoli na haionekani kwa kipimo hiki, kwa hiyo metali nzito zipimwe kivyake.