Kutengeneza Kinubi cha Feni kwa Mfano wa Ei Wada

Mwaka 2015 msanii wa Kijapani Ei Wada alianzisha mradi wa Electronicos Fantasticos!, ambao hugeuza vyombo vya umeme vilivyopitwa na wakati kuwa ala za muziki. Kati ya ala hizo, kinubi cha feni ndicho kinachomfaa zaidi anayeanza, kwa kuwa utendaji wake unaonekana kwa macho: mwanga hupita kwenye matundu ya kisahani kinachozunguka, hukatikakatika, na kipokea mwanga hugeuza mikatiko hiyo kuwa sauti.

Tumia feni ndogo ya USB ya volti 5, wala si ya umeme wa ukutani, kwa sababu utaondoa kizuizi chake cha mbele pamoja na mapanga. Kwenye kadibodi ngumu na nyeusi, chora kwa bikari duara lenye kipenyo cha sentimita 20, ambalo ukilikata ndilo kisahani, na ndani yake duara nne zilizo umbali wa sentimita 4.5, 6, 7.5 na 9 kutoka katikati. Zitoboe matundu 12, 15, 18 na 24 kwa mfuatano huo, kila tundu likiwa na upana wa sentimita 1. Hapa usiharakishe, kwani idadi ya matundu ikizidishwa kwa mizunguko ya kila sekunde ndiyo inayotoa noti: feni ikizunguka mara 20 kwa sekunde, duara ya kwanza hutoa hezi (mitetemo kwa sekunde) 240 na ya mwisho 480, yaani do ya chini na do ya juu, na kati yake mi na sol. Matundu yasiyolingana nafasi huifanya sauti ikwaruze, na kisahani kisichokaa katikati hutetemeka na kinaweza kuchomoka. Kwa hiyo kigundishe imara kwenye mhimili wa feni, palipokuwa na mapanga, na uvae miwani ya kukinga macho.

Unga nyaya mbili za paneli ndogo ya sola, ya volti 2 hivi, ambayo ndiyo kipokea mwanga, kwenye pini ya sauti, kisha ichomeke kwenye tundu la AUX, yaani la kuingizia sauti, la spika. Funika paneli kwa karatasi nyeusi yenye tundu moja la sentimita 1.

Washa tochi ya betri nyuma ya kisahani, anza na spika ikiwa na sauti ndogo, kisha sogeza paneli mbele ya duara moja hadi nyingine. Zima taa za chumbani, kwani mwanga wa taa nyingi za umeme wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, na spika huvuma kwa hezi 100. Ukipunguza kasi ya feni, noti zote nne hushuka pamoja na bado hupatana.