Jua linazama saa ngapi kwenu? Piga hesabu mwenyewe, usiazime saa za Dar

Ramadhani ikifika adhana ya magharibi ya Dar inasikika redioni mpaka mikoani, na mtu wa Kigoma akifuturu kwa adhana hiyo jua la kwake bado lipo, tena limebakiza zaidi ya nusu saa. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima ila jua kila mji lina muda wake, so naomba ujifunze hii hesabu, haihitaji bando wala app.

Kwanza shika muda wa Dar. Mwisho wa Mei jua linazama mapema kuliko wakati wowote, kama saa 12:13 jioni. Katikati ya Juni ni 12:15 hivi, mwisho wa Oktoba 12:16, Desemba 21 ni 12:36, afu linachelewa zaidi mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari, 12:48. Wengi wanadhani Desemba ndo mwisho wa kuchelewa kwa sababu ndo mchana mrefu, na kweli mchana Dar unadumu saa 12 na nusu Desemba na saa 11 na dakika 43 hivi Juni, ila kuna kitu kingine: adhuhuri yenyewe inahama. Dunia imelala upande kwa nyuzi 23.4 na haiendi spidi moja kuzunguka jua, Januari iko karibu na jua inakimbia zaidi, kwahiyo mwanzo wa Novemba jua la Dar linafika katikati ya safari yake saa 6:06 na katikati ya Februari ni saa 6:37. Nusu saa nzima hiyo!

Sasa mji wako. Fungua ramani kwenye simu, bonyeza ulipo na ushikilie, zitatokea namba mbili. Ya pili ni longitudo. Chukua 39.3 ya Dar, toa ya kwako, zidisha mara 4, hizo ndo dakika za kuongeza. Kigoma ni 29.6, tofauti 9.7, unapata kama dakika 39. Dodoma unaongeza 14, Mwanza 25 na kidogo.

Namba ya kwanza ni latitudo, hii inategemea mwezi. Machi na Septemba achana nayo. Juni, ukiwa kaskazini ya Dar ongeza kama dakika moja na nusu hadi mbili kwa kila nyuzi, ukiwa kusini punguza, Desemba geuza. Bukoba ndo panapendeza, wanaongeza 30 za longitudo, Juni wanaongeza tena 10 na Desemba wanapunguza 10, matokeo yake miezi yote miwili jua linazama karibu saa 12:56, maana wako jirani kabisa na ikweta. Songea ni kinyume, mchana wa Desemba unauzidi wa Juni kwa saa 1 na robo.

Ukiwa na safari ya boda au mtumbwi ujue kwamba huku kwetu jua likishazama una dakika 20 hivi za mwanga wa kuonea njia, basi, giza linashuka haraka. Na wa milimani, Lushoto au Moshi, jua kujificha nyuma ya mlima siyo kuzama, hesabu hii ni ya upeo ulio tambarare.