Picha zinazojirudia: tafuta kwanza, bandika lebo baadaye

Katika ofisi ndogo za utalii hapa Moshi, picha moja ya wageni waliofika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, huingia kwenye kompyuta kwa njia mbili au tatu: kutoka kwenye kadi ya kamera, kwenye flashi ya mwongozaji, na kupitia WhatsApp. Msimu ukiisha, folda zimejaa, na mtunza picha huanza kubandika lebo, yaani maneno ya kuitambulisha picha, kama vile majina ya njia za kupandia mlima "Machame" au "Marangu", akitumaini kwamba nakala za ziada zitajitokeza zenyewe. Utaratibu huo huongeza kazi badala ya kuipunguza.

Programu kama dupeGuru na Czkawka hutambua mafaili yanayojirudia kwa kukokotoa heshi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaotokana na kila baiti iliyomo ndani ya faili. Heshi ya aina ya SHA-256, kwa mfano, huandikwa kwa alama 64. Jina halihesabiwi, hivyo IMG_0457 na IMG_0457 (1) zenye maudhui yaleyale hupata heshi moja. Lakini lebo ya picha ya JPEG kwa kawaida huandikwa ndani ya faili lenyewe, pamoja na metadata (taarifa kuhusu picha) nyingine kama tarehe ya kupigwa na aina ya kamera. Ukiibandika kwenye nakala moja tu, heshi yake hubadilika, na programu itayahesabu mafaili hayo kuwa mawili tofauti.

Kwa hiyo tafuta zinazojirudia kabla ya kugusa lebo. Ikiwa lebo zimekwisha kubandikwa, tumia ulinganishaji wa mwonekano, ambao programu ya digiKam inautoa bila malipo, kisha kagua kila jozi kwa macho yako, kwa sababu picha mbili zilizopigwa kwa kufuatana haraka hufanana sana bila kuwa nakala.

Nakala ya kubakiza ni ile iliyotoka kwenye kamera. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza tarehe ya kupigwa, ingawa ikitumwa kama dokumenti husalimika. Usiamue kwa tarehe ya faili kwenye folda, maana inaweza kubadilika kwa kunakili tu. Kabla ya kufuta chochote, hamishia lebo zote za nakala inayoondoka kwenye ile inayobaki: huenda jina la mgeni liliandikwa kwenye nakala mbovu pekee. Zinazoondoka ziweke kwanza kwenye folda ya pembeni, na uzifute baada ya kuhakikisha kwamba zilizobaki zinafunguka na zimehifadhiwa pia kwenye diski nyingine.