Kubuni chipu ya kamera ya gari: anza na mistari miwili

Barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, usiku, karibu na Kibaigwa: ng'ombe hajali taa zako. Gari la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Kamera ya fremu 30 kwa sekunde huipa chipu inayomtafuta ng'ombe huyo milisekunde 33 tu kwa kila picha.

Hatua ya 1: Piga hesabu kwanza. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kwa fremu 30, ni zaidi ya milioni 62 kila sekunde. Kichujio cha 3 kwa 3 (dirisha dogo la pikseli tisa linalopita juu ya picha kutafuta alama kama kingo) huzidisha mara 9 kwa kila pikseli, yaani kama mara milioni 560. Na hicho ni kimoja. Mtandao wa neva, yaani programu iliyofunzwa kutambua vitu kwenye picha, unavyo mamia.

Hatua ya 2: Panga memori. Hapa nilipoteza wiki nyingi. Nilikuwa naweka picha nzima kwenye memori ya nje, halafu naisoma upya kwa kila dirisha. Safari hiyo hula umeme zaidi ya mara mia ya kuzidisha kwenyewe. Ni kumtuma mtoto Soko la Majengo mara tisa, kila safari nyanya moja! Kamera hutoa picha mstari kwa mstari, kwa hiyo tunza ndani ya chipu mistari miwili iliyopita. Wa tatu ukianza kuingia, dirisha linajijaza lenyewe. Kwa picha ya kijivu ya biti 8 ni baiti 3,840, si milioni mbili. Ichore kwa penseli mpaka uielewe.

Hatua ya 3: Tumia namba kamili za biti 8 badala ya desimali za biti 32. Memori inabaki robo. Usahihi hushuka kidogo, upime.

Hatua ya 4: Andika saketi kwa Verilog (lugha ya kueleza saketi), iendeshe kwenye Verilator (programu ya kuiga saketi, ni bure), linganisha kila pikseli na jibu la hesabu ile ile uliyoiandika kwa Python. Kingo za picha ndizo hukosewa zaidi. Kisha hamia kwenye ubao wa FPGA, chipu ambayo saketi yake unaweza kuipanga upya.

Hatua ya 5: Ijaribu kwa picha za kwetu. Zile za KITTI, mkusanyiko maarufu wa picha za barabarani, zilipigwa Karlsruhe, Ujerumani. Bajaji na punda wa maji hutawaona humo. Funga kamera kwenye dashibodi, rudi Dodoma kutoka Kibaigwa saa kumi na moja jioni, jua likikupiga usoni, uone saketi yako inakosa nini.