Kukokotoa Zao la Kinadharia la Aspirini
Zao la kinadharia ni kiasi kikubwa zaidi cha aspirini kinachoweza kupatikana kutokana na vitu ulivyoanza navyo. Kabla ya kukokotoa chochote, sawazisha mlinganyo: moli 1 (kipimo cha kiasi cha dutu) ya asidi ya salisiliki humenyuka na moli 1 ya anhidridi ya asetiki na kutoa moli 1 ya aspirini pamoja na moli 1 ya asidi ya asetiki. Tuseme umepima gramu 2.00 za asidi ya salisiliki. Ukizigawanya kwa masi ya moli yake (gramu za moli moja), yaani 138.12, unapata moli 0.0145. Anhidridi ni kimiminika, hivyo mililita 5.0 zizidishwe kwanza kwa densiti ya gramu 1.08 kwa mililita (hatua ambayo ni rahisi mno kurukwa), ndipo jibu ligawanywe kwa masi ya moli ya anhidridi, 102.09, na hapo zinapatikana moli 0.053. Kwa kuwa uwiano ni 1:1, asidi ya salisiliki ndiyo itakayokwisha mapema na kuweka kikomo, kwa hiyo zidisha moli zake kwa masi ya moli ya aspirini, 180.16: zao la kinadharia ni gramu 2.61.

Ukipata gramu 2.10 za fuwele kavu, asilimia ya zao (2.10 ÷ 2.61 × 100) ni takriban 80. Ikizidi 100, usishangilie. Huenda fuwele zilizo kwenye karatasi ya kuchujia bado zina maji au uchafu, basi zikaushe na kuzipima upya.