Jinsi ya kuonyesha kwamba uvumbuzi unaodaiwa kwenye hataza ulikwisha julikana

Anza na madai yaliyo mwishoni mwa hataza, yaani hati inayompa mvumbuzi haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake. Kichwa, muhtasari na michoro visikushughulishe kwanza, kwa kuwa kinacholindwa ni kile kilichoandikwa kwenye madai, neno kwa neno.

Tuchukue hataza ya Marekani namba 5,401,504 ya mwaka 1995. Dai lake la kwanza lilikuwa njia ya kuponya kidonda kwa kumpa mgonjwa dawa ambayo ni unga wa manjano (kile kiungo cha mapishi), kwa kiasi cha kutosha. Likate vipande: mgonjwa mwenye kidonda, anapewa dawa, dawa ni unga wa manjano peke yake, kiasi kinatosha kuponya. Chora jedwali. Upande mmoja weka vipande hivyo, upande wa pili maneno ya andiko la zamani unaloona lilikwisha eleza uvumbuzi huo, kama yalivyo, pamoja na ukurasa na mstari.

Vipande vyote lazima vipatikane katika andiko moja, tena vikiwa vimeungana kama dai linavyoviunganisha. Hapa ndipo wengi hukwama: huokota nusu kwenye kitabu hiki na nusu kwenye makala ile. Hiyo ni hoja tofauti, kwamba uvumbuzi ulikuwa dhahiri kwa mtaalamu wa fani, na itakubidi ueleze kwa nini mtaalamu huyo angeyaunganisha maandiko hayo.

Soma kwa ukali. Andiko linalotaja manjano yaliyochanganywa na chokaa halitoshi, maana dai linataka manjano matupu. Andiko lililotaja shaba linaangusha dai la "metali", lakini lililotaja "metali" tu haliangushi dai la shaba. Jambo lisiloandikwa huhesabika ikiwa tu hutokea kila mara maelekezo yakifuatwa. Kutokea mara nyingi hakutoshi.

Andiko lazima liwe lilitoka kabla ya tarehe ya ombi la kwanza la hataza; siku hataza ilipotolewa siyo inayohesabiwa. Ukurasa wa intaneti usio na tarehe utapingwa mara moja, kwa hiyo tafuta nakala yake kwenye Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni inayotunza kurasa za zamani pamoja na tarehe zake. Kwa kitabu, tafuta muhuri wa maktaba wenye tarehe.

Baraza la utafiti la India, CSIR, lilipoipinga hataza hiyo mwaka 1996, lilipeleka maandiko 32, mengine ya Kisanskriti, pamoja na makala ya kitabibu ya mwaka 1953. Mwaka 1997 madai yakakataliwa. Maandishi ndiyo yaliyohitajika, kwa sababu sheria ya Marekani wakati ule haikuhesabu matumizi ya nchi nyingine yasiyoandikwa. Sharti hilo liliondolewa kwa maombi ya kuanzia Machi 16, 2013. Andiko la lugha nyingine liambatanishe na tafsiri kamili iliyoapiwa na mfasiri.

Chunga muda. Pingamizi katika Ofisi ya Hataza ya Ulaya huwasilishwa ndani ya miezi 9 tangu kutolewa kwa hataza kutangazwa. Marekani, ukishafikishiwa hati ya mashtaka ya kukiuka hataza, una mwaka 1 wa kuomba bodi ya hataza iipitie upya, na hapo hoja hujengwa juu ya hataza za zamani na machapisho tu.